Ndege Asiye na Injini

Mume wako akikwambia baada ya chakula kwamba anataka kununua ndege, wewe utafikiri nini? Mimi nilifikiri bata mzinga. Padri wetu wa parokia alikuwa nao, na Oswaldi alikuwa amewasifia tangu Krismasi. Nikamwambia haya, nunua, ila banda utajenga mwenyewe, mimi kuku wangu wananitosha.

"Si ndege wa banda, Mama Fortunata," akasema, na macho yake yako kwenye sahani. "Ni yule wa Bruda Gabriel."

Loo! Nikaweka bakuli la maharage chini taratibu, maana ningeliweka kwa hasira lingepasuka.

Bruda Gabriel alikuwa Mswisi, mkuu wa karakana ya misheni, kule uwanda wa Ufipa unapokaribia ukingo wa Lyamba lya Mfipa, pale ardhi inapokatika ghafla. Alikuwa na ndege asiye na injini. Ni kitu cha bati la alumini chenye viti viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, na mabawa marefu kuliko nyumba yetu. Landrova inamvuta kwa kamba kwenye majani, anapanda, kamba inaachiwa, halafu upepo unaotoka bonde la Rukwa na kugonga ule ukingo ndio unaombeba. Hakuna moshi, hakuna kelele. Mara ya kwanza kumwona nilifanya ishara ya msalaba.

Mtanisamehe kwa kusema "yule" na "anapanda" kama ninasimulia kiumbe. Najua wenye Kiswahili chao wanasema "ndege ile". Lakini Oswaldi alimwita "yule" tangu siku ya kwanza, kwa mapenzi, na mimi nikaambukizwa. Kosa hilo lilituletea mambo, mtasikia.

Oswaldi alikuwa fundi wa karakana ile tangu hatujaoana. Bruda alimfundisha kurusha yule ndege, akampeleka mpaka Nairobi kufanya mtihani, na mume wangu akarudi na leseni ya urubani ambayo tuliihifadhi kwenye sanduku pamoja na cheti cha ndoa. Ila kuruka peke yake aliruka huko huko Nairobi kwenye mtihani. Huku kwetu sheria ya misheni ilikuwa kwamba ndege haondoki ardhini bila Bruda kukaa kiti cha nyuma. Oswaldi hakuwahi kulalamika. Mume wangu ni mtu ambaye hata akikanyagwa na ng'ombe atamwomba ng'ombe radhi.

Sasa Bruda alikuwa amezeeka na shirika lake lilikuwa limemwita arudi kwao. Karakana inafungwa, mafundi wanapewa kiinua mgongo, vyombo vinauzwa. Huo ulikuwa wakati wa soko huria, mitumba imejaa sokoni Sumbawanga, na kila mwenye kiinua mgongo alikuwa anajua cha kufanya nacho: mashine ya kusaga. Mimi nilikuwa nimeshachagua na mahali pa kuiweka, karibu na barabara, ambapo akina mama wa pande zote wangepita na mahindi yao kichwani. Halafu mwanamume ananiambia ndege!

"Utasaga nini na ndege?" nikamuuliza.

"Sitasaga kitu."

"Utabeba magunia?"

"Habebi magunia."

"Basi atafanya nini, Baba Fortunata?"

"Ataruka," akasema, akaomba maji ya kunawa.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikajifunga kitenge vizuri nikapanda gari la kwenda misheni, nia yangu ikiwa moja tu, kumwambia Bruda asimuuzie mume wangu wazimu. Nikafika kwenye banda alimolala ndege. Mlango ulikuwa wazi, na ndani niliona Oswaldi, aliyeniaga kwamba anakwenda kukabidhi spana. Alikuwa ameketi kiti cha mbele cha yule ndege, mkono kwenye usukani wake ule mwembamba kama mwiko wa ugali, macho amefumba, anapiga mluzi.

Jamani. Nimeishi na mtu yule tangu nikiwa msichana. Nimezaa naye, nimelima naye ulezi, nimezika naye mtoto mmoja. Mluzi wake sikuwa naujua. Nikasimama pale mlangoni hasira zikanitoka zote, nikabaki sina hata pa kuzitafuta.

Nimewaona wanaume wa karakana ile wakishastaafu. Wanaanza kukaa kibarazani, wanaishia kukaa kilabuni, na wake zao wanazungumza nao kama wanazungumza na wagonjwa. Nilijua kabisa kwamba mwanamume huyu akinyimwa kile kiti, nitakuwa nimepata mashine ya kusaga na nimepoteza mume. Nikarudi nyuma hatua chache, nikakohoa kwa nguvu kama ndiyo kwanza nafika.

"Tumsifu Yesu Kristo!" nikaita.

"Milele na milele, amina," akajibu Bruda Gabriel kutoka nyuma ya banda. Akatokea, mikono imejaa grisi. "Mama Fortunata, umekuja kunipiga?"

"Nimekuja kuuliza karatasi zinakwendaje."

Oswaldi akafumbua macho. Alinitazama kama mtu aliyeamshwa akaambiwa ni sikukuu.

Bruda akaeleza. Bei yake ilikuwa ya kirafiki, tena Oswaldi angeiweza. Karatasi za Dar es Salaam za kubadilisha umiliki alikuwa ameshazishughulikia yeye, zimekwisha kurudi. Kilichobaki ni ushuru. Ndege aliingia nchini bila kulipiwa kitu kwa sababu alikuwa mali ya misheni, na sasa akienda kwa mtu binafsi lazima ofisi ya kodi mjini imtoze na kutoa stakabadhi. Bila stakabadhi hiyo Bruda hawezi kukabidhi. Na Bruda alikuwa anaondoka mwisho wa wiki iliyokuwa inafuata. Mkuu wake alikwisha sema kwamba chochote kitakachobaki bandani siku hiyo kitachukuliwa na Meshack.

Meshack alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Laela. Alikuwa ameshakuja na kamba ya kupimia na kugongagonga mabawa kwa kidole, akisema hiyo ni alumini safi, itatoa masufuria mazuri. Oswaldi aliponisimulia habari ya masufuria, aliweka kiganja juu ya bawa kama anayelificha.

"Ofisini nitakwenda mimi," nikamwambia. "Wewe ukiambiwa 'njoo kesho' unasema asante. Kaa hapa ufute mavumbi."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kesho yake nilikuwa mbele ya dirisha la Bwana Isdori, ofisa wa kodi, kijana mnyoofu aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na ncha. Sitamsema vibaya. Hakuomba chai, hakuomba soda. Tatizo lake lilikuwa kwamba alikuwa anaipenda fomu yake kuliko binadamu.

"Namba ya injini?" akauliza.

"Hana."

"Ujazo wa injini?"

"Mwanangu, nimesema hana injini. Ujazo utatoka wapi?"

"Mama, ushuru wa chombo kilichotumika unakokotolewa kwa ujazo wa injini. Nafasi hii haiachwi wazi."

"Andika sifuri."

Akaweka kalamu chini na kunitazama kwa huruma. "Mama, unajua ni wafanyabiashara wangapi wameniletea sifuri? Wanang'oa injini ya gari wanaificha kwa shemeji, wanakuja hapa na bodi tupu. Ukilipa wanairudisha. Sifuri mimi siandiki."

"Kwa hiyo unadhani nimeficha injini ya ndege kwa shemeji yangu?"

"Sijasema hivyo, mama. Nasema niletee barua ya mtaalamu wa serikali, yenye mhuri, inayosema kwamba kitu hiki hakina injini. Vinginevyo nitakikadiria kama ndege kamili."

Akanionyesha ndege kamili inatozwa kiasi gani. Nikacheka, maana kulia mbele ya mtoto yule nisingekubali. Hata tungeuza nyumba na sisi wenyewe ndani yake tusingefika. Na mtaalamu wa ndege wa serikali, Bwana Isdori alisema, yuko Dar es Salaam, aandikiwe, ajibu akipata nafasi. Wiki moja tu ndiyo tuliyokuwa nayo, jamani!

Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, upepo wa Juni unanikata masikio. Nikasema sikubali. Serikali ni moja. Kama mtaalamu yuko Dar, wilayani hakosekani mwenye mhuri. Nikanunua karatasi dukani, nikamwandikia Mkuu wa Wilaya barua kwa mkono wangu, mwandiko wa shule ya masista. Niliandika hivi, naikumbuka neno kwa neno:

"Mheshimiwa, mume wangu anataka kumnunua ndege wa Bruda Gabriel awe wake kihalali. Ndege huyu ni mzee lakini ana afya. Hana injini, anapanda kwa upepo. Anakaa bandani misheni. Tunaomba mtaalamu wa serikali aje amkague haraka kwa sababu kuna mtu wa Laela anataka kumchinja kwa ajili ya masufuria."

Nikaikunja nikaiacha mapokezi, nikaenda nyumbani nikiwa najisifu kwa ufasaha wangu.

Siku mbili kimya. Bruda alikuwa anafunga masanduku. Oswaldi aliacha kula jioni, anasema tumbo limejaa. Nikamwambia limejaa nini, wakati chakula kiko hapa? Akasema, "Mama Fortunata, tusihangaike. Labda Mungu hakupenda." Nilimkaripia mpaka majirani wakazima redio wapate kusikia vizuri. Sikuwa namkaripia yeye. Nilikuwa naogopa.

Siku ya tatu tukiwa misheni pamoja, pikipiki ikaingia uwanjani ikitetemeka. Akashuka kijana mnene mwenye makoti mawili na sanduku la barafu mabegani.

"Shikamoo mama. Naitwa Abel, Bwana Mifugo. Nimetumwa na wilaya kumkagua ndege."

"Marahaba. Bwana nani?"

"Mifugo." Akafungua sanduku lake. "Nimekuja na chanjo ya kideri kabisa. Ni mbuni au ni kanga? Barua yako inasema ni mzee. Na huyo mtu wa Laela anayetaka kumchinja, anamchinjaje mnyama wa watu?"

Nikamwangalia. Nikaangalia sanduku la chanjo. Halafu nikaiona barua yangu yote mbele ya macho yangu, ana afya, anakaa bandani, anataka kumchinja. Uso ukaniwaka moto. Bruda Gabriel alikuwa ameelewa kabla yangu, ameshika nguzo ya banda anacheka mpaka machozi. Oswaldi naye, mtu wangu mpole, akamshika Abel mkono kwa heshima zote.

"Karibu, Bwana Mifugo," akasema. "Mgonjwa yuko huku."

Abel aliingia bandani akasimama. Akatazama bawa kutoka mwanzo hadi mwisho wake, na ilimchukua muda. "Mama yangu," akasema polepole, "sindano yangu haifiki."

Tukacheka wote wanne mpaka Coleta, mpishi wa misheni, akaja na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Tulipokwisha kucheka mimi nikaanza kulia, kwa sababu ndiye mtaalamu wa serikali pekee tuliyempata na alikuwa mtaalamu wa kuku. Nikamweleza Abel yote: Bwana Isdori, namba ya injini, Meshack na masufuria yake. Alisikiliza, ameegemea pikipiki.

"Unahitaji mtaalamu wa serikali aseme ndege hana injini?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Mimi nimetumwa na serikali kumkagua ndege. Barua ninayo mfukoni, ina mhuri. Haijasema ndege wa aina gani." Akavua koti moja. "Oswaldi, mfungue tumbo niangalie ndani."

Na akakagua kweli, si mchezo. Aliingiza kichwa na tochi kila tundu, akatambaa chini, akapiga bati, akasikiliza. Halafu akaketi juu ya pipa akaandika kwenye karatasi za idara yake. Alitusomea kwa sauti. Kwamba amemkuta ndege mmoja, rangi nyeupe, umri mkubwa. Kwamba hana dalili za kideri. Kwamba hali, hanywi na hatagi. Kwamba katika uchunguzi wa ndani na nje hakuonekana kuwa na injini, wala mahali palipowahi kukaa injini. Akapiga mhuri, akaupuliza ukauke.

Nilimpa kuku wangu jogoo mkubwa kwa moyo wote. Alimchanja kwanza ndipo akamfunga kwenye pikipiki.

Bwana Isdori aliisoma ile karatasi akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi.

"'Hatagi'?" akauliza.

"Endelea chini."

Akaendelea. Akafika pa injini. Nikaona midomo yake inatikisika, akaificha kwa mkono. "Mama, hii imeandikwa na Bwana Mifugo."

"Ni mtaalamu wa serikali?"

"Ni mtaalamu wa serikali."

"Kuna mhuri?"

"Mhuri upo." Akaugusa kwa kidole. Nawaambia, kijana yule alikuwa mwaminifu kwa fomu yake mpaka mwisho, na fomu yake ndiyo iliyomshinda. Alichukua kitabu kinene cha viwango, akafunua, akafunua, akasimama mahali. "Vyombo vya usafiri visivyo na injini," akasoma. "Baiskeli, mkokoteni, mtumbwi na vinginevyo." Akanitazama. "Nitamweka kwenye 'vinginevyo'. Atalipa kama mkokoteni."

Kama mkokoteni! Nililipa pale pale kwa fedha iliyokuwa kwenye pindo la kitenge, na chenji nikarudishiwa. Aliponipa stakabadhi akaniomba jambo moja tu, siku ndege akiruka aambiwe, naye aje aone hiyo injini isiyokuwepo. Nikamwambia njoo Jumamosi, mwanangu, na uje na koti.

Jumamosi ilikuwa siku ya mwisho ya Bruda Gabriel. Meshack alifika na lori lake mapema, tukampa uji, akaondoka na mapipa na mabati ya karakana. Bwana Isdori alifika kwa baiskeli. Ndege akasukumwa kwenye majani, uso wake ukielekea ukingoni, na Bruda akampa Oswaldi mkono mbele ya watu wote.

"Sheria ya misheni imekwisha," akasema. "Kiti cha nyuma leo kitupu. Mimi nitaendesha Landrova."

Oswaldi alijifunga mikanda. Halafu akaniita.

"Mama Fortunata, njoo. Ndege huyu akisimama analalia bawa moja. Lazima mtu amshike ncha ya bawa asawazike, akimbie naye mpaka apate upepo wake."

"Mwite Isdori, ana miguu mirefu."

"Nimekuita wewe."

Nikavua viatu. Nikafunga kitenge juu ya magoti mbele ya kila mtu, wazee na masista. "Nifanye nini?"

"Usisukume, usivute. Shika tu kwa kiganja. Ukisikia amekuwa mwepesi, achia."

Bruda akatia gia. Kamba ikanyooka kwenye majani. Bawa likaninyanyukia mkononi, zito, la baridi, na nikaanza kukimbia. Mimi niliyezaa watoto sita nilikimbia kama nafukuzwa. Majani yananichoma nyayo, Coleta anapiga vigelegele, na upande wangu naona kichwa cha mume wangu ndani ya kioo, kinatazama mbele tu. Bawa likaanza kuwa jepesi. Nikajua sasa ndipo aliposema niachie, na mkono ukakataa. Ukingo ule uko pale mbele, na chini yake hakuna kitu mpaka Milepa kule bondeni. Nikasema Oswaldi, ukinifia nitakuua. Halafu bawa likatetemeka kidogo kiganjani, kama mtoto anayetaka kushuka mgongoni, na nikaachia.

Nilianguka kifudifudi. Nilipoinua kichwa kamba ilikuwa inashuka yenyewe kutoka angani, na mume wangu alikuwa amepita ukingo wa Lyamba, yuko juu, anageuka taratibu kwenye jua, peke yake, na hakuna kelele yoyote duniani. Machozi na vumbi vilinijaa usoni. Furaha ile sijapata kuiona tena mpaka leo, wala sijaitafuta, maana ile ilinitosha.

Coleta akanikimbilia akidhani nimevunjika, akaanza kunishika huku na huku.

"Niache, mwanamke wewe," nikamwambia. "Niache nimtazame."